Fundi wa Uani

Nilijifundisha udereva peke yangu, katika pikapu ya baba iliyoegeshwa uani kwetu Mwatate, injini ikiwa imezimwa. Klachi, gia, kioo, breki ya mkono: vyote nilivijua. Siku baba alipozidiwa na malaria, nikaamua kumpeleka hospitali ya mlimani mwenyewe, mama akifuatana nasi.

Kwenye mwinuko wa kwanza gari lilizimika, likarudi nyuma. Nilikanyaga breki. Mama akashuka haraka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

“Haya twende, fundi wa uani!” akaniambia.

Nilijaribu tena na tena, likazimika kila mara. Mwishowe mama akapanda mlima kwa miguu kutafuta dereva. Jiwe lilitosha kulizuia gari, lakini sikuthubutu kuachia breki.

Baba, akiwa amefumba macho, akaniuliza kama tumefika.