Bando la Noah ya Mama Davis

Nimeuza vocha hapa Segese miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo nimetukanwa kwa makosa ya watu nisiowajua. Bando likipungua, mteja haendi kumtukana aliyelipunguza. Anakuja kibandani kwangu. "Dada Mwamvua, elfu moja yangu imekwenda wapi?" Utadhani nimeifunga mimi kwenye pindo la kanga. Elfu moja ambayo zamani ilimtosha mtu wiki nzima, leo inakata siku ya pili asubuhi, naye hata video ya harusi ya binamu yake hajaimaliza. Hayo nimeyazoea. Lililompata Pantaleo sijalizoea, na sitaki kulizoea.

Pantaleo ni mtu wa Kharumwa, ana miaka arobaini na kitu, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Alianza kwa kubeba mifuko ya mawe machimboni, akawa utingo wa Fuso, akajifunza udereva kwa kuosha magari ya wenzake na kuyasogeza mita mbili mbele, mita mbili nyuma. Leseni aliipata akiwa tayari na watoto watatu. Mke wake, Justa, amebaki Kharumwa analima mpunga. Kila asubuhi Pantaleo alipita kwangu, akanisalimia Kisukuma, "Mwangaluka dada," akanunua bando la mia tano. Akasikiliza ujumbe wa sauti wa Justa, akajibu kwa maneno machache, kisha akazima data haraka haraka.

Gari aliloendesha ni Noah ya Mama Davis, mwenye gesti ile ya ghorofa moja njia ya kwenda Bugarama. Mama Davis aliiagiza kutoka Japani ili aikodishe kwa makandarasi wa mgodi. Ni mama wa makamo, mchapakazi, hilo simnyimi. Sasa, magari ya Japani wengi tunayajua: ukiwasha tu, sauti ya mwanamke inaanza kuongea Kijapani. Madereva wengine huyaacha yaongee mpaka yachoke. Mama Davis hakuweza. Aliona gari lake linamwambia jambo naye halielewi, akalipeleka Kahama kwa fundi mmoja wa redio anaitwa Mayala.

Mayala aliwasha, akasikiliza ameinamisha kichwa. Katikati ya Kijapani kile kuna neno linalosikika wazi kabisa: kaado.

"Umesikia, mama? Linadai kadi."

"Kadi gani tena? Kadi ya gari ninayo kwenye kabati!"

"Si hiyo. Kadi ya laini. Magari ya siku hizi yana intaneti yake ndani. Hili linaomba laini na bando."

Mama Davis alifurahi. Wageni wa makandarasi walikuwa wameshamuuliza mara mbili kama gari lake lina intaneti, maana wanataka kufanya kazi zao njiani. Mayala akainama chini ya usukani, akachokonoa chokonoa, akasema laini imeingia. Tangu siku hiyo Mama Davis akawa anamtumia elfu thelathini na tano kila mwezi, bando la gari, na alikuwa anazituma kwa mkono wangu mimi, maana ni wakala wa pesa pia. Nilimuuliza mara moja, "Mama, la gari?" Akanitazama kama mtu aliyepitwa na wakati. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata Pantaleo aliwasha gari, na yule mwanamke akasema maneno yale yale. Kaado. Kesho yake vile vile. Wageni wakapanda, wakatafuta intaneti kwenye simu zao, hola. Wakampigia Mama Davis kulalamika. Mama Davis akampigia Mayala, na Mayala, mtu asiye na haya hata tone, akamjibu, "Mimi bando nimeweka, mama. Kama gari linadai tena asubuhi, basi kuna anayelimaliza. Funguo anashinda nayo nani?"

Funguo anashinda nayo Pantaleo.

Mwezi wa kwanza Mama Davis alimkata mshahara elfu thelathini na tano. Mwezi wa pili akamkata tena. Pantaleo alimwambia hajui hata hiyo intaneti inaingilia wapi, na Mama Davis akasema kila mwizi anasema hivyo. Mwezi wa tatu hakungoja hata siku ya kukata. Alichukua simu, akaingia kwenye grupu la WhatsApp la wamiliki na madereva wa Segese, watu mia moja na themanini, akarekodi sauti ya dakika nne nzima. Kwamba dereva wake anakesha anaangalia mpira kwa bando la gari. Kwamba wenye magari wawe macho.

Kazi ya udereva huku ni jina. Makandarasi hawapandi gari la dereva mwenye jina bovu, na mwenye gari hampi funguo. Nilipoisikiliza sauti ile niliinuka kwenye kiti peke yangu kibandani. Mtu anayemiliki bando la elfu thelathini na tano anakuja kwangu kila asubuhi kununua la mia tano kwa ajili gani? Kwa kupenda sura yangu?

Pantaleo alipokuja, sikumpa hata nafasi ya kusalimia. "Umefanya nini kuhusu jambo hili?"

"Nimemwachia Mungu, dada."

"Mungu hayumo kwenye grupu lile! Nipeleke kwenye gari."

Nilifunga kibanda. Nilikaa kiti cha mbele, nikafungua programu ya kutafsiri kwenye simu, akawasha. Mara ya kwanza mtandao ulizunguka zunguka ukanila MB zangu bure. Mara ya pili mbuzi wa jirani alilia, simu ikatafsiri na mbuzi. Mara ya tatu yakatokea maandishi: kadi ya ETC haijaingizwa. Nikatafuta ETC ni nini, nikasoma kwa sauti. Ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani. Gari lilikuwa linaomba nauli ya barabara za huko kwao! Halijawahi kuomba bando la mtu yeyote tangu lizaliwe.

Pantaleo akaingiza mkono chini ya usukani, akapapasa kile kisanduku. Tundu lake lilikuwa pana. Alichomoa kitambulisho chake cha NIDA mfukoni, akakijaribu, kikaingia sawasawa. Laini ya simu ingedondokea humo na kupotelea. Na ndani hamkuwa na kitu, ila vumbi.

Tulikwenda gesti saa ile ile. Mama Davis alikuwa mapokezi anakunja mashuka. Pantaleo alimpa shikamoo akaitikia bila kumtazama. Nikamweleza yote, akaonyeshwa simu, akasema simu nazo zinadanganya.

"Sawa," nikamwambia. "Mpigie Mayala, weka sauti kubwa. Muulize jambo moja tu. Laini aliyoweka ina namba gani?"

Kusajili laini ndiyo kazi yangu. Kwangu haipiti laini bila kidole na namba, na bando haliendi hewani likitafuta gari, linakwenda kwenye namba. Mama Davis akapiga, akauliza.

"Namba?" Mayala akasema.

"Ndiyo, namba ya laini iliyomo ndani ya gari langu."

"Aah, mama, hizo za magari hazina namba. Zinakwenda kwa... kwa mtambo."

"Mtambo gani?" nikadakia. "Miezi mitatu unatuma bando kwenye namba isiyokuwepo?"

Akakata. Tulipopiga tena hakupatikana. Mama Davis akakaa juu ya mashuka aliyoyakunja. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anavyochukia kuelewa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwonea huruma kidogo, maana laki moja na elfu tano si pesa ya kuokota.

"Basi yameisha," akasema. "Mwezi huu sitakata."

"Na ya miezi mingine?"

"Nitaangalia."

"Na grupu je? Watu mia na themanini wanajua Pantaleo ni mwizi."

Akasema hana bando. Hakika, alisema hivyo: bando siku hizi ghali, hawezi kununua kwa ajili ya maneno. Nikamrushia bando mimi, kwa pesa yangu, palepale, nikasimama juu yake nimeshika kiuno. Akainua simu mdomoni, akakohoa, akarekodi.

"Jamani habari zenu, mimi Mama Davis. Lile suala la Pantaleo na intaneti ya gari limekwisha. Nimemsamehe. Ahsanteni."

Akatuma, akaweka simu mezani kama mtu aliyemaliza kazi nzito. Majibu yakaanza kumiminika, na kila mlio wa simu ulinichoma. Una moyo wa huruma, mama. Mungu akuzidishie. Mwingine akaandika: asirudie tena.

Pantaleo aliyasoma yote. Kisha akaongea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mpaka wageni wawili wakatoka vyumbani.

"Mama, umenisamehe kosa gani?"

"Pantaleo, si nimesema yaishe."

"Litaje. Nimeiba nini? Sema hapa, dada Mwamvua anasikia, na wageni hawa wanasikia."

"Sasa ulitaka nipige magoti mbele ya watu? Mimi nina jina hapa Segese!"

"Na mimi nilikuwa nalo."

Mama Davis akachukua shuka, akaanza kulikunja upya. "Kesho saa kumi na mbili wageni wa Bugarama wanasubiri," akasema. "Usichelewe."

Pantaleo aliweka funguo mezani, taratibu, karibu na ile simu iliyokuwa bado inalia kwa pongezi. Akatoka. Nilimfuata nje nikiropoka matusi ambayo sitayaandika, yeye akitembea mbele yangu.

Juma lililopita alikwenda Bugarama kuomba kazi kwa mkandarasi aliyemwendesha miezi mitatu bila kumgonga hata kuku. Mwenye ofisi alimkaribisha kiti, akachukua leseni yake, akasoma jina, akainua macho akitabasamu vizuri tu.

"Pantaleo. Si ndiye wewe uliyesamehewa na Mama Davis?"