Viti Sitini na Viwili vya Mzee Lothar

Mzee Lothar Kreher anaishi ghorofa ya nne, mimi na mwanangu Tilda ya tatu, na jengo letu halina lifti. Kabla hatujazoeana nilikuwa namjua kwa jinsi anavyoshuka ngazi: mguu wa kulia, halafu wa kushoto unaletwa papo hapo, halafu kituo. Muda anaoutumia kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwangu unanitosha kumvisha Tilda soksi zote mbili, na Tilda ni mtoto wa kuvua moja huku unamvisha nyingine.

Kazi yake ni viti. Watu wakisikia yuko kwenye okestra humuuliza anapiga nini, naye hujibu, "Napiga lori." Kweli ndiye anayeendesha lori lenye besi, ngoma kubwa na kinubi. Yeye ndiye anayefika kwanza ukumbini, anapanga viti sitini na viwili, mbele ya kila kiti anasimamisha stendi, juu ya kila stendi anaweka faili la noti. Wapigaji wakishapiga na kupigiwa makofi na kwenda zao, anavitoa vyote.

Okestra yetu ni ya wilaya nzima, haikai mahali pamoja. Kuanzia Septemba hadi Juni inapanda na kushuka hii milima: leo ukumbi wa mjini kwetu, kesho sinema ya zamani kule bondeni, keshokutwa jimu ya shule inayonuka raba za watoto, halafu nyumba za wazee, halafu makanisa yasiyo na moto wa kuota. Kwenye bango wameandika kwamba asiyeweza kuujia muziki, muziki utamfuata.

"Muziki haujawahi kupandisha ngoma ngazini," Mzee Lothar aliniambia siku moja. "Anayewafuata watu ni mimi."

Alikuwa na sharti moja, na kila mpigaji alilijua: kiti hakiguswi. Kijana mgeni akijivutia kiti upande, alimwendea taratibu. "Bwana mdogo, nikikuona tena umeshika kiti changu, na mimi nitashika fidla yako." Na kijana akiitazama ile mikono yake minene, harudii.

Mimi nilimzoea kwa sababu ya makoti. Siku za tamasha mjini kwetu napokea makoti mlangoni, mama yangu anabaki na Tilda. Tamasha likianza sina kazi hadi mapumziko, basi nilikuwa nampelekea kahawa kule mlango wa mizigo. Miaka yote hiyo hajawahi kukaa ukumbini akasikiliza. Alikaa juu ya sanduku la besi, kamba za buti amezilegeza, anatafuna mkate wake wa soseji ya ini, anangoja makofi ya mwisho ili ainuke.

Msimu huu ulikuwa wa arobaini kwake. Alichokitaka ni kuumaliza tu. Mwezi Juni okestra hupiga uwanjani sokoni, kisha wanafunga msimu. Alitaka avipange viti siku ile, avitoe, afunge lori, akabidhi funguo. "Nikabidhi mwenyewe," alisema. "Nisije nikanyang'anywa."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Novemba alisahau kigoda cha mpiga kinubi, yule dada akapiga amekalia rundo la vitabu vya nyimbo za kanisa. Wiki mbili baadaye akalipeleka lori mji ambao siku hiyo haukuwa na tamasha lolote. Bwana Uhlig, meneja wa okestra, akamwandikia barua. Mzee Lothar alinipa niisome pale ngazini, ati miwani ameiacha juu. Nilisoma kwamba likitokea kosa jingine mbele ya watu, kazi ya viti itapewa kampuni ya mji mkubwa. Nikaruka mstari mmoja ulioonekana mkali mno.

"Umeruka," alisema. "Pale penye 'umri wake.'"

Kumbe ameishika yote kwa moyo.

Basi ikaja Januari. Matamasha ya mwaka mpya kwetu ni kumi na moja kwa siku kumi na sita, na mwaka huu theluji haikupumzika. Jumapili ya pili walikuwa na mawili kwa siku: saa tano asubuhi bondeni, saa kumi na moja jioni hapa mjini kwetu. Wapigaji walibaki bondeni wakala chakula cha mchana, bata na madonge ya viazi, kisha wangekuja na basi. Mzee Lothar hakula. Alibomoa jukwaa, akapakia, akapanda mlima na theluji ile, akapakua, akapanga tena.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Kwa misimu thelathini na saba mwongozaji alikuwa mzee mmoja aliyependa fidla zikae makundi mawili yanayotazamana, kundi la kwanza kushoto, la pili kulia, selo katikati, na besi nyuma upande wa kushoto. Alipostaafu akaja Juliane, binti mwenye nywele fupi na maneno machache, akageuza: fidla zote kushoto, selo mbele kulia, besi nyuma yao. Mzee Lothar hakubisha. Aliniambia tu, "Kichwa kimeshakubali. Mikono bado inauliza."

Nilifika saa tisa na nusu kufungua chumba cha makoti, nikachungulia ukumbini. Viti vimenyooka kama kawaida yake, ungeweza kuvuta uzi. Lakini vile vigoda virefu vya besi vilikuwa kushoto. Mimi si mtu wa muziki, ila nimeliona jukwaa lile mara nyingi, na siku hiyo lilikuwa kama mtoto aliyevaa viatu mguu siyo. Nikaenda mlango wa mizigo nimuulize. Nikamkuta amelala amekaa, mdomo wazi, glovu moja mkononi, theluji inamyeyukia mabegani. Nikasimama. Nikajiambia, mimi ni mtu wa makoti, yeye ana miaka arobaini ya kupanga viti. Nikamfunika kwa koti lililosahauliwa na mgeni tamasha lililopita, nikaondoka.

Hilo koti bado linanirudia.

Basi la wapigaji lilikwama kwenye kona za mlimani. Siku nyingine wangefika saa nzima mapema, wajaribu vyombo, kosa lionekane na lirekebishwe kimyakimya. Siku hiyo walifika watu wameshakaa. Walivaa nguo nyeusi wakikimbia, wakaingia moja kwa moja. Niliuacha mlango wazi kidogo nikawaona wakipunguza mwendo. Sigrun, yule mama anayeongoza fidla, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema neno kwa pembe ya mdomo, na kila mmoja akaenda kukaa penye faili lake. Jochen wa besi ilimbidi avuke jukwaa zima na lile dude lake mbele ya watu mia nne, kama mtu aliyeletea kabati nyumba siyo.

Juliane akaingia, akainama, akainua kijiti. Alipofika mahali pa kuzigeukia selo, akageuka kulia kama alivyozoea, akakutana na fidla. Niliuona mgongo wake ukisita, kidogo tu, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani. Kisha akaendelea. Watu hawakujua kitu. Bwana Uhlig, safu ya sita na mkewe, alipiga makofi.

Wakati wa mapumziko nilipofika na kahawa, Sigrun alikuwa ameshatangulia kule mlango wa mizigo, na Jochen nyuma yake.

"Mzee Lothar, usiinuke," Sigrun alisema. "Nimekuja kukupa habari na hiyo habari si mbaya. Umetupanga kama zamani."

Mzee Lothar alimtazama. Halafu akaitazama mikono yake.

"Mimi nimefurahi," Jochen alisema. "Nimempungia mkono shangazi yangu njiani. Alidhani ni sehemu ya onyesho."

"Nyamaza wewe," Sigrun alisema. "Uhlig hajaona. Akiuliza, sisi ndio tulioomba. Tumeamua leo tumkumbuke mwongozaji wetu wa zamani. Sawa?"

Juliane alikuwa ameshafika, kitambaa shingoni. "Sawa," alisema. "Na mimi nimekubali. Nilikaribia kumtoa jicho mpiga fidla, lakini nimekubali. Tunamaliza hivihivi."

Nikapumua. Nikadhani limekwisha.

Mzee Lothar akauliza, "Sehemu ya pili, ule wimbo wa selo. Unazitaka wapi?"

"Mzee wangu, leo si lazima."

"Nimekuuliza unazitaka wapi."

Juliane akashusha sauti. "Mbele. Zikikaa katikati fidla zinazimeza. Lakini kweli, mzee, hakuna atakayejua."

"Wewe utajua." Akaanza kufunga kamba za buti. "Umeniambia mbele, misimu mitatu sasa. Kazi yangu ni kuweka viti unapovitaka. Siyo kutungiwa uongo."

"Lothar, jamani, ile barua," Sigrun alisema.

"Barua naijua kuliko wewe."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Akatoka peke yake jukwaani, taa zote zimewaka. Alibeba kiti cha kwanza, na cha pili, na cha tatu. Cha nne alikiinua kisha akasimama nacho kifuani, goti limekataa, uso wake umeelekea ukutani. Nilitamani nipande nimpokee.

Ndipo Sigrun alipokishika kiti chake mwenyewe akakiinua. Jochen akashika kigoda chake. Halafu wote, na nguo zao nyeusi na viatu vyao vya kung'aa, wakaanza kubeba, stendi huku, viti kule, mafaili kwapani, wanagongana na kuombana radhi.

"Acheni," Mzee Lothar alisema. "Acheni viti vyangu." Hakupaza sauti. Sidhani kama walimsikia.

Watu walikuwa wanarudi na glasi zao. Wengine walicheka kwa uzuri tu, mmoja akapiga makofi. Bwana Uhlig alisimama safu ya sita, hakucheka. Kama wangekaa vilevile, asingejua. Kama Mzee Lothar angeachwa avibebe peke yake, pengine angedhani ni desturi ya onyesho. Lakini wapigaji kubeba viti, hilo halikuwahi kutokea, na kila mtu wa okestra alijua maana yake.

Selo zilipigwa mbele. Hata kule kwangu kwenye makoti zilisikika.

Tulirudi nyumbani na lori lake. Ngazini nilipanda nyuma yake, mguu kwa mguu. Ghorofa ya pili akashika ukuta.

"Wamebeba, Mama Tilda."

"Ni kwa kukupenda, mzee."

"Najua," alisema. "Hiyo ndiyo inayochosha."

Pale pale nikamwambia kwamba niliviona vile vigoda mapema, nikanyamaza. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza tu, "Lile koti lilikuwa la nani?" Nikamwambia sijui. "Lilikuwa na joto," akasema, akaendelea kupanda.

Asubuhi yake hakungoja kuitwa. Alikwenda ofisini na funguo zote akaziweka mezani. Alinisimulia mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni kwangu, Tilda akimvuta kamba ya buti. Bwana Uhlig alikuwa ameshaiandaa barua ya pili na hakujua aiweke wapi. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kampuni itaanza Februari.

"Nikamuuliza, na matamasha ya watoto wanaotambaa, watayachukua? Akasema hao jamaa hawawashi injini kwa sababu ya viti vinne. Basi nikauchukua tena ufunguo mmoja. Ule mdogo, wa kile kigari cha mizigo midogo."

"Kwa hiyo Juni utafika?"

"Juni nitafika. Na viti vinne."

Alhamisi ya kwanza ya Februari nilimpeleka Tilda maktaba. Tamasha lile ni la wachanga: akina mama tunakaa chini, watoto wanatambaa katikati ya wapigaji, anayetaka kulamba mguu wa selo analamba. Mzee Lothar alikuwa ametandika magodoro membamba ya buluu na kupanga viti vinne nusu duara. Sigrun alikuja na fidla yake, na wenzake watatu. Niliona kwamba fidla ya kwanza imewekewa kiti kushoto na ya pili kulia, zinatazamana. Sigrun naye aliona. Akakaa.

Kuna mtoto alikojoa kwenye godoro la mbele, Mzee Lothar akapiga goti kufuta. Kufuta alifuta. Kuinuka ndiko kulikokuwa kazi. Alijaribu mara moja, akatutazama akina mama tulivyojiandaa kumkimbilia, akatunyooshea kiganja. Kisha akageuka taratibu akakaa hapohapo chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha.

"Anzeni," aliwaambia. "Mimi sina mahali pa kwenda."

Wakaanza. Tilda akatambaa hadi kwake, akavua soksi yake moja akamkabidhi, akajiinua kwa kushika bega lake. Mzee Lothar aliishika ile soksi, akamwangalia Sigrun, akaiangalia fidla ya pili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele ya muziki, misimu arobaini.

Haikufika hata nusu ya wimbo, alikuwa amelala, soksi mkononi. Sigrun aliona, akawaashiria wenzake kwa nyusi, wakapunguza sauti.