Kimya Kilichong'oa Mipeasi

Saa mbili asubuhi, jua la Julai limechomoza lakini halina joto, na nyasi za kituo cha utafiti cha Kerrigal ni nyeupe kwa jalidi. Glenys Hanrahan yuko juu ya ngazi fupi, mkasi wa kupogolea mkononi, anakata vikonyo vya kupandikiza kwenye miti mingine, vyembamba kama penseli. Kila fungu analivingirisha kwa gazeti bichi, analifunga uzi na kulitia kwenye ndoo.

Jumatatu tingatinga litaingia hapa. Mistari yote hii ya mipeasi, inayokaribia miaka kumi na mitatu, itasukumwa iwe lundo, na lundo litachomwa moto.

"Mama Mikutano, shuka nikate mimi," anasema Nello Varischetti, mkulima wa jirani aliyeshika ndoo. "Wewe umezoea kukata shauri, si kukata miti."

"Nyamaza, shika ndoo. Vikonyo visiguse chini."

"Ruhusa unayo?"

"Ninayo," anajibu Glenys, bila kugeuka. "Ya namna yake."

Glenys ana umri wa miaka sitini na mmoja. Ni mratibu wa mkakati wa kitaifa wa utafiti na ugani wa matunda nchini Australia, kazi ambayo mama yake mzazi alikufa bila kuielewa. "Aliwaambia majirani kwamba napanga viti vya mikutano," anasema. "Hakukosea sana."

Kila jimbo lina idara yake ya kilimo. Zamani kila idara ilikuwa na kituo chake, watafiti wake na maafisa ugani wake, na majimbo mawili yaliweza kuchunguza ugonjwa mmoja wa mti mmoja bila kuambizana. Glenys aliajiriwa kuwakalisha pamoja wakubaliane. Jimbo moja liongoze utafiti wa zao fulani, mengine yasaidie, na matokeo yafike kwa wakulima wote. Kwenye karatasi ni busara tupu.

Mipeasi ya Kerrigal ilipandwa kwa sababu ya jua. Joto likizidi, peasi huungua ngozi likiwa bado mtini, likawa na baka jeusi ambalo hakuna duka linalolitaka. Kiangazi kilichopita Nello alipoteza theluthi ya mavuno yake hivyo. Miti hii ni ya aina mpya, na iliyo bora kati yake imestahimili viangazi vitatu vikali bila kuungua. Wakulima wenyewe wamekuwa wakikatwa ushuru kwenye matunda yao kuigharimia.

Na haipo kwingine kokote nchini. Hapo ndipo uchungu wa Glenys ulipo, maana ndugu za miti hii walikuwapo, ng'ambo ya mpaka, katika kituo cha jimbo jirani. Waling'olewa majira ya baridi mawili yaliyopita, kwa mkono wake.

Bila shaka hakushika jembe. Alituma barua pepe.

Katika kazi yake kuna mtindo ambao aliuanzisha mwenyewe na kujivunia. Maofisa wa idara hawajibu barua. Kwenye mikutano ya mtandaoni huzima vipaza sauti na kuendelea na shughuli zao. Basi Glenys akaweka kanuni: pendekezo likitumwa, asiye na pingamizi hadi Ijumaa saa sita mchana anahesabiwa amekubali.

"Bila hiyo hakuna ambacho kingesogea," anasema. "Ningekuwa bado nasubiri jibu la mwaka wangu wa kwanza."

Pendekezo la wakati ule lilikuwa Kerrigal iongoze utafiti wa mapeasi, na kituo cha ng'ambo kifunge shamba lake ili gharama zisijirudie. Mkuu wa kituo hicho alikuwa Desmond Kurucz, rafiki yake wa tangu chuoni. Wiki hiyo Desmond alikuwa likizo, anavua samaki mahali pasipo na mtandao. Ijumaa ikafika, saa sita ikapita, pakawa kimya. Wakubwa wa Desmond, ambao walikuwa wakitafuta pa kubana matumizi, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Aliporudi alikuta udongo mtupu. Alimpigia simu Glenys, naye anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Glenys, nilikuwa likizo."

"Des, nilituma kwa wote."

"Ulituma kwa wote. Mimi hukunipigia hata simu moja?"

"Nilidhani umekubali."

"Ulidhani." Halafu akakata.

Tangu hapo wamekutana vikaoni mara kadhaa. Desmond humwita "Bi Mratibu", na kwa watu wanaoitana majina tu hata na waziri, hilo ni tusi.

Majimbo yote yakabaki yanaitegemea Kerrigal, na wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka huu jimbo lenye kituo cha Kerrigal limebadili mwelekeo. Ardhi ya kituo inauzwa zijengwe nyumba, na utafiti wa mapeasi "utaratibiwa kitaifa", maneno yasiyo na mti hata mmoja ndani yake. Taarifa ilisambazwa kwa kanuni ileile: asiye na pingamizi hadi Ijumaa. Glenys alipinga saa hiyohiyo. Akajibiwa kwa adabu kwamba maoni yake yamepokelewa, ila mratibu hana kura. Wenye kura walinyamaza wote, hata Desmond.

"Simlaumu," anasema Glenys. "Angetetea nini? Miti ya kwangu, baada ya mimi kung'oa ya kwake?"

Bonde hili analijua kuliko ofisi yoyote. Alianza kazi hapa akiwa afisa ugani, mmoja wa kumi na mmoja, akizunguka mashambani na gari la serikali lisilo na kipasha joto. Baba yake Nello alimfukuza mara ya kwanza. Mara ya pili akampa kahawa. Mara ya tatu akamwonyesha mti unaokufa. Leo afisa ugani ni mmoja kwa mabonde matatu, na wakulima wengi wanaijua sauti yake ya simu tu.

"Baba alikuwa akisema huyu mama anauliza maswali mpaka mti unachoka," Nello anasema, akicheka. Kisha kicheko kinakatika. "Halafu wakampandisha cheo. Tukampoteza."

"Sikupotea. Nilikuwa Canberra, makao makuu."

"Sasa hapo tofauti ni nini?"

Kufika saa nne ndoo zimejaa. Vikonyo vitakaa kwenye friji ya Nello, chini ya soseji za mkewe, mpaka Septemba, atakapovibebesha, yaani kuviunganisha, kwenye mipeasi yake mizee pembeni ya mfereji. Matunda ya kwanza huenda yakaonekana baada ya miaka mitatu. Nani atayapima, hakuna ajuaye. Glenys anastaafu Desemba na nafasi yake haijatangazwa.

Ndipo anapoeleza ile ruhusa ya namna yake. Jumatatu iliyopita aliwaandikia wote: wakurugenzi, wanasheria, majimbo yote. Alisema wazi kwamba anakusudia kuchukua vikonyo, mali ya serikali, na kuvipeleka kwenye shamba la mtu binafsi. Asiye na pingamizi hadi Ijumaa saa sita mchana atahesabiwa amekubali.

"Jana nilikaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi," anasema. "Mwanasheria yeyote angesoma mistari miwili tu angekataa. Saa sita ikafika. Hakuna hata mmoja."

Nello anampiga begani. "Basi umewaweza, mama!"

Glenys hacheki. Anafuta mkasi kwa kitambaa, taratibu, huku machozi yakimlengalenga.

"Ningefurahi kama mmoja angekataa, Nello. Ningejua yuko mtu anayesoma."

Anapakia ndoo ya mwisho garini. Mpango wake, anasema, ni kurudi kila kiangazi na kipimajoto chake mwenyewe, apime matunda mti kwa mti kama alivyofanya ujanani, ilimradi Nello hana pingamizi.

"Sina," anasema Nello.

"Sema kwa sauti."

"Sina pingamizi, Glenys. Njoo."