Chatu Mwenye Haya wa Masanja

Belo la mitumba likifunguliwa lina harufu yake, na mimi hata ukinifunga macho leo nitaitambua: dawa ya nondo, vumbi la safari ndefu, na sabuni ya watu usiowajua. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu Makambako, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu akajiita mfanyabiashara. Mama, Mbena wa Mjimwema kule Njombe, aliacha viazi vyake akawa anauza masweta sokoni, na masweta yalinunuliwa kweli, maana upepo wa Makambako haupigi hodi. Unaingia tu, unakaa mpaka kwenye mifupa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile aliyasema Mama.

Chumba cha uani alipanga Masanja, Msukuma wa Shinyanga aliyekuja kupakia magunia ya mahindi kwenye malori. Kwao alikuwa mchezaji wa ngoma ya nyoka, na sisi watoto hatukuamini mpaka siku aliporudi kutoka stendi amekumbatia kapu lenye mfuniko, amelibeba kama mtu anayetoka hospitali na mtoto mchanga. Mwalimu wake wa ngoma alikuwa amefariki. Katika chatu wote aliowafuga, alibaki huyu mmoja tu, mtoto wa mwisho wa chatu jike aliyecheza naye maisha yake yote, na ndugu waliagizwa wampelekee Masanja popote alipo. "Huyu akifa, Mama Neema," alimwambia Mama, "ngoma ya mwalimu wangu imekwisha." Mama akajibu kwamba basi afie huko huko chumbani, asivuke kizingiti chake. Halafu, huyo huyo Mama, akaenda kwenye belo akachomoa sweta jekundu lililotoboka kiwiko, akamrushia. Alisema halina mnunuzi.

Masanja alipofunua kapu nilisahau kuvuta pumzi. Jamani! Nilitegemea kuona kitu cha kutisha, nikaona kitu kizuri kuliko vitambaa vyote vya sokoni. Mabaka ya kahawia, meusi na ya rangi ya asali yalipangwa kwa utaratibu ambao hakuna fundi wa Makambako angeuweza, na mwanga ulipompiga, ngozi yote ilimeta. Na yeye, badala ya kututisha, alijikunja kunjakunja akaficha kichwa katikati ya mwili wake, kama bibi harusi aliyeona wakwe. Alikuwa anatuogopa sisi! Mimi Neema, niliyekuwa nikimkimbia hata jogoo wa jirani, nilikuwa naogopwa na chatu. Sikujua niweke wapi heshima hiyo.

Sasa, kwetu mgeni hakai peke yake. Kumwacha mgeni na sahani yake chumbani ni tusi. Ataenda kusema huko kwao kwamba alipewa chakula kama mfungwa. Mgeni anasalimiwa na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anasogezewa kigoda, anaulizwa habari za nyumbani, na anapokula mwenyeji yupo pale pale akimhimiza, "Kula, baba, kula, mbona huli?" Mama alikuwa amekataza neno nyoka lisitajwe nyumbani kwa mzee wa kanisa, akawa anamwita "huyo mgeni wako", na jina likashika. Basi Mgeni akapokelewa kama mgeni. Mtaa mzima ulikuja. Mama Zubeda mwenye duka alileta maziwa kwenye kifuniko. Mtu mmoja alileta yai, mwingine akaja na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akasema baridi hii hata mnyama anahitaji kitu. Waliinama juu ya kapu mmoja mmoja wakimsalimia Kibena, "Kamwene, mgeni!", na sisi watoto tulikaa duara kuanzia tunapotoka shule mpaka tunapoitwa kuoga, tumemkodolea macho, tukisubiri ale. Masanja mwenyewe alikaa nasi akampigia kigoma kidogo cha kwao, taratibu, ili asijisikie mpweke. Alimtegea panya kwenye ghala la mahindi, panya wanono, akawa anamwekea mbele ya pua. Mgeni hakugusa. Panya walimpanda mgongoni, wakamkanyaga kichwa, naye akazidi kujifunga tu kama fundo.

Ngozi yake ikaanza kukunjamana ubavuni. Masanja naye akaacha kula. Mama akimpelekea ugali alisema ameshiba, akawa anapakia magunia tumbo tupu, anarudi anakaa mbele ya kapu na kigoma chake. Kule kwao, alisema, chatu hajawahi kumkatalia chakula. Alijaribu yote aliyofundishwa na yote yaligoma, na nilipomchungulia mlangoni nilimwona amelaza shavu juu ya mfuniko, akiongea Kisukuma polepole. Sikuelewa hata neno moja, lakini nililia.

Siku iliyofuata Mama alirudi kutoka sokoni, akakuta duara letu, kigoma, na wageni wawili wapya wa mgeni. Akatupa furushi lake chini. "Hivi nyie mna akili? Kuku akiatamia, nani hapa ananyanyua kikapu kumchungulia? Akichunguliwa si anasusa mayai? Mmemzingira kiumbe wa watu mchana kutwa, mnamkodolea, mnampigia ngoma, na hiyo sakafu ya saruji ilivyo barafu, halafu mnashangaa kwa nini hali chakula! Hata mimi nisingekula!" Masanja alimtazama kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali. Na Mama, aliyeapa kizingiti hakivukwi, akalitazama lile kapu kwa chuki, akalitazama sweta lake jekundu, akasema, "Lete jikoni. Pale nyuma ya mafiga ninapolelea vifaranga. Na atakayemchungulia, mimi naye." Vifaranga walihamishwa. Mama alizika mtungi uliovunjika shingo kwenye majivu ya uvuguvugu, umelazwa ubavu kando ya ukuta, sweta likaingia ndani, Mgeni akamiminwa humo, mdomo wa mtungi ukafunikwa kwa gunia. Jirani akija kusalimia, Mama alimwambia mgeni amelala.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa: kutomtazama. Nilimenya viazi nimempa mgongo na mgongo wenyewe ukawa unawasha. Masanja alikatazwa hata kuingia jikoni, akawa anazunguka uani kama mume ambaye mkewe yuko leba. Subira yavuta heri, alisema Baba, na hayo ndiyo maneno yake pekee katika habari hii yote.

Alasiri moja upepo ulikuwa unapiga mabati. Masanja alikuwa ameruhusiwa kuingia mara moja tu, akamwachilia panya chini ya gunia kisha akatoka. Nikasikia kishindo kimoja kifupi nyuma yangu, halafu kimya. Mama alikuwa anasonga ugali, mwiko ukasimama. Tukageuka pamoja, polepole. Gunia lilikuwa limesogea, na Mgeni alikuwa amejiviringisha kuzunguka panya kwa utulivu, bila hasira, bila haraka. Kisha akafungua kinywa, na kile kichwa chembamba chenye haya kikawa kipana, kikapanuka tena pale nilipodhani kimefika mwisho, na panya akazama kidogo kidogo. Nilihisi nywele zinanisimama, na haikuwa hofu. Nilihisi nilivyohisi kanisani siku za Pasaka kwaya ikiinuka. Mama aliniminya bega, akanong'ona, "Bwana Yesu, ona ulivyoumba." Kisha akatoka uani akamwambia Masanja mgeni wako amekula, na sasa na wewe kaa hapa ule. Masanja alikula ugali huku machozi yanadondokea mboga.

Aliondoka mwaka uliofuata kurudi kwao, na Mgeni mnene shingoni, na sweta jekundu kapuni. Sikuwaona tena.

Leo Mama ni mzee. Baba alipofariki nilimleta kwangu Mjimwema, karibu na alipozaliwa, nikadhani atafurahi. Akaacha kula. Ndugu walijaa sebuleni kumhimiza, wajukuu wakampiga picha kwa simu ili watume kwa wengine, kila mmoja akiinama, "Kamwene, bibi! Mbona huli?" Naye akawa anajikunja kwenye kiti, anavuta khanga usoni. Juzi niliwaona wote vile nikaona kapu. Nikawatoa, kwa adabu kadiri nilivyoweza. Nikasogeza kiti chake jikoni karibu na jiko la mkaa, nikamwekea bakuli la uji mapajani, nikageukia ukuta nikaanza kumenya viazi. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Nilimenya, nikamenya, mgongo ukawasha kama zamani. Kisha nikasikia kijiko kikigusa bakuli, mara moja, halafu tena.

"Neema," alisema nyuma yangu, kinywa kimejaa. "Ila panya usiniletee."