Lubaga Imesema Imefika

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Mkuu wa Mawasiliano, askari mstaafu kutoka kaskazini, aliitazama kama kifaa kilicholetwa bila waya wake. Chumba chetu cha redio kilikuwa Namuwongo, bondeni mwa Kampala, ambako mawimbi hayaendi mbali. Kwa hiyo maombi ya damu kutoka zahanati za jirani yalipitia kituo cha kati kilimani Lubaga, nacho kikayapeleka benki ya damu.

Alasiri moja zahanati iliomba damu kwa ajili ya mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Nikatuma. Lubaga wakajibu, "Imefika." Nikainuka kwenda kunywa chai.

"Injinia," Mkuu akasema, "imefika wapi?"

"Lubaga, Afande."

"Mama amelazwa Lubaga?"

Nikakaa. Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba mtu wa kati akiitikia, anakuambia tu kuwa sikio lake liko macho. Sisi wa Kampala huitikia "eeh" kwa kila neno, hata tukiwaza mengine. Ni adabu, si risiti. Jibu linalohesabika ni la yule atakayeitoa damu kwenye friji. Na benki walikuwa kimya.

"Rudia. Namba ile ile."

Kila ujumbe ulikuwa na namba yake, ili ukirudiwa wapokeaji wajue ni ombi lilelile, wasimpe mama mmoja mara mbili na kumnyima mwingine. Nikarudia, nikangoja, nikarudia tena, nikangoja zaidi, maana wote tukikimbilia hewani pamoja hakuna anayesikika. Hatimaye benki wakajibu wenyewe. Umeme ulikuwa umekatika Lubaga, ujumbe wetu ukiwa bado mikononi mwao; uliporudi, ndipo marudio yetu yakapita. Bodaboda ikaondoka na damu. Yule mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, mtoto kifuani.

Baadaye redio ziliondoka, kompyuta zikaja, nami nikapanda cheo hadi kuwa Mkuu wa Mitandao. Vijana wangu walinieleza kwa subira kwamba kanuni hizi za mitandao imara, namba, kurudia na kungoja, zilibuniwa ng'ambo na maprofesa. Sibishi. Nadhani nao walikuwa na Lubaga yao.

Wiki niliyostaafu nilimpigia simu Mkuu wangu wa enzi za redio kumshukuru. Binti yake akapokea. "Eeh ssebo," akasema kwa upole, akiniita bwana kwa Kiganda, "nitamfikishia."

Nikamwomba ampe mzee mwenyewe simu. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Sema, Injinia."

Nikasema asante.

"Nimepokea," akasema. "Usirudie."