Watu wa Mfuko Walipokuja Kuangalia Shida Yangu

Kuku ndiye aliyetuponza. Na wala hakuwa kuku wangu, nisikilizeni.

Mjukuu wangu wa kike, huyu niliyemlea tangu mama yake alipofariki, alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Baba yake alivuka ziwa kwenda Kalemie kutafuta maisha, na naona mpaka leo bado anayatafuta. Kwa hiyo hapa Bangwe tuko wawili tu, mimi na yeye, na chanja yangu ya kuanikia dagaa. Barua ya chuo ikaja, na siku ya kuripoti imeandikwa humo humo. Ada itatoka wapi, hilo hawakuandika.

Basi hapa mjini tuna mfuko wa jamii. Si wa serikali, ni wa watu wa hapa hapa. Wenye maboti wanatoa, wauza vitenge wanatoa, wa msikitini na wa kanisani wanatoa, na watoto wetu walioko Dar wanatuma. Hata sisi kina mama wa dagaa, kila tukianua tunatenga bakuli moja moja la mfuko, yanauzwa kwa pamoja. Mfuko huo ndio unaosomesha watoto wasio na mtu. Mimi bakuli langu nimelitoa miaka na miaka, tena nalijaza mpaka linamwagika, maana wale wenzangu wana macho.

Mjukuu akaleta fomu. Karatasi lile lina maswali, we! Ukuta wa nini, choo cha nini, chumba kimoja mnalala wangapi. Akawa ananisomea, najibu, anaweka vema. Tukapeleka. Baada ya siku chache nikapigiwa simu: bibi, Alhamisi tunakuja watu wawili kukutembelea, tuone hali ya nyumbani.

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia moja tu. Wageni.

Nina jirani yangu, mama mmoja ambaye wazee wake walitoka Burundi zamani. Tunaazimana mwiko, tunaazimana chumvi. Nikamwendea mbio.

"Dada, Alhamisi nina wageni. Watu wa ofisini."

"Watu wa ofisini ukawakalishe kwenye jamvi? Unataka kuuaibisha mtaa mzima?"

Hakungoja nimalize. Akatoa makochi yake mawili tukayabeba, akatoa meza na kitambaa cha kufuma, chupa ya chai yenye maua, vikombe vinavyofanana vyote. Jogoo alimkimbiza mwenyewe mpaka akamkamata.

Mjukuu kasimama mlangoni anatutazama tu. "Bibi, hawa watu wanakuja kuona shida."

"Wataiona. Lakini waione wakiwa wamekaa."

"Bibi!"

"Menya vitunguu."

Alhamisi wakaja kweli. Mmoja baba wa makamo mwenye daftari, mwingine binti wa kupiga picha. Shikamoo bibi, marahaba, karibuni, piteni, kaeni hapo kwenye upepo. Nilifurahi jamani, sitawadanganya. Nyumba ilipendeza mpaka mimi mwenyewe nikaogopa kukaa. Nikawapakulia ugali wa muhogo na kuku wa mawese, na samaki wetu wa ziwani, mgebuka, pembeni kwa asiyependa kuku. Yule baba alikula vizuri, kula kwa mtu aliyelelewa. Halafu, paja liko mkononi, akaniuliza:

"Bibi, hapa nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

Sasa niambieni ninyi. Mtu anatafuna chakula chako, unamwambia sisi jana tulishindia uji? Si kitamkaba? Nikasema, "Tunakula baba, tunamshukuru Mungu." Akajifuta mkono, akaandika.

"Na makochi haya, ya siku nyingi?"

Jirani yupo pale pale anamimina chai. Nikasema, "Yapo tu." Akaandika na hilo. Mjukuu akanyanyuka akatoka nje.

Majibu yakaja kwenye simu. Familia ina uwezo wa kujitegemea. Mjukuu alinisomea mara moja, akailaza simu kifudifudi, akachukua vyombo akaenda ziwani kuviosha, na vilikuwa vimeshaoshwa. Siku mbili hakusema na mimi neno zaidi ya shikamoo. Na siku za kuripoti chuo zinakaribia, asipokwenda nafasi yake anapewa mwingine.

Nikavaa, nikaenda ofisini kwao, kachumba kamoja kule Rusimbi. Yule baba yupo, na yule binti yupo.

"Bibi, sisi tunaandika tulichokiona."

"Mliona vya jirani!"

"Na kuku?"

"Wa jirani!"

"Na vikombe?"

"Baba, katika vyote mlivyoviona mle ndani, changu ni mjukuu na sufuria."

Yule binti akacheka mpaka akajificha nyuma ya kompyuta.

"Sasa bibi, mbona nilipokuuliza hukusema?"

"Wewe kwenu, mgeni akiwa ameshika paja huwa mnamwambia nini?"

Akakuna kichwa. Ni mtu wa hapa hapa naye. Akaniambia kamati inakaa Jumamosi, naweza kukata rufaa, ila lazima mwenye vitu aje mwenyewe aseme ni vyake.

Nikarudi natembea kwa raha, nikajua kazi imekwisha. Kumbe! Jirani yangu kanikatalia.

"Mimi nikasimame mbele za watu niseme nilimwazima fulani makochi? Sikulelewa hivyo."

"Si mimi mwenyewe nakutuma?"

"Wewe unanituma. Watu watasema nimekuanika."

Nilibembeleza, nikagomba, nikasusa. Siku tatu tunabishana huku tunageuza dagaa, na wale wanawake wengine wa chanjani badala ya kunisaidia wanatia maneno. "Usikubali mwenzangu! Leo makochi, kesho utaulizwa kitanda anacholalia ni cha nani!" Wanacheka mpaka wanaketi. Mimi jasho linanitoka, nawaambia ninyi mtoto wangu anakosa chuo, nao ndiyo kwanza wanacheka. Nilitamani kumwaga chanja nzima.

Ijumaa jioni mjukuu alikwenda kwa jirani peke yake. Walichoongea sikijui, hakuna aliyeniambia mpaka leo. Ila Jumamosi nilimwona jirani anatoka kavaa kitenge chake cha kanisani, kakunja uso. Mbele ya kamati hakukaa hata kwenye kiti.

"Makochi ni yangu. Kuku ni wangu. Vikombe vyangu. Na atakayemcheka huyu mama kwa hilo, asije kuazima kwangu hata kiberiti."

Akageuka, akatoka. Kamati wakatazamana. Wakasema watakuja tena kuangalia, lakini safari hii hawatasema siku.

Wakamtuma mtu nikiwa chanjani, mikono ina magamba. Alikuwa yule baba peke yake na daftari lake. Nikamfungulia. Mle ndani jamvi, sufuria, na nguo zetu kwenye kamba. Akavua viatu, akakaa chini, mtu mzima yule. Akaniuliza swali lile lile. Mjukuu amesimama pale.

Nikasema, "Jana mchana tulikunywa uji. Usiku tukalala hivyo hivyo."

Jamani. Hata jirani sijawahi kumwambia. Mjukuu akatazama chini. Yule baba akaandika. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikainuka, nikachota maji kwenye kikombe changu cha bati, nikamletea kwa mikono miwili.

"Hapana bibi, asante. Leo nisipokee kitu, kamati itaniuliza."

"Maji?"

"Hata maji, bibi."

Akaaga, akaondoka. Nikabaki nimeshika kikombe.

Jina la mjukuu likatoka siku nne kabla ya kuripoti. Mfuko unamlipia mpaka amalize, mradi asifeli, na hafeli yule. Siku ya basi jirani alilia kuliko mimi, mpaka kondakta akadhani ndiye bibi. Nashukuru, sana nashukuru, na bakuli langu la mfuko bado nalitoa.

Lakini mtu kuja kwangu na kuondoka na koo kavu! Nimempigia simu nikamwambia: baba, umeshamaliza kuandika, mtoto yuko chuo, sasa njoo unywe maji. Anasema atakuja. Anasema hivyo hivyo tangu mwezi uliopita.