Udongo wa Katikati, Kiwanja cha Kwapa

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa matope yake. Mkaguzi wa viwanja alikuwa amesimama katikati ya kazi yangu, maji yamemfika vifundoni, soksi zake nyeupe zimegeuka rangi ya chai, na mimi niko pembeni nimeshika pimamaji mkononi, sijui nitazame wapi. Nitakueleza nilivyofika pale, maana nasikia na wewe umepewa kazi ya kupima uwanja, tena mkubwa, wenye viti mpaka juu.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Sisi wa Kwapa, hapa Uganda karibu na mpaka wa Kenya, tulitaka kiwanja kimoja cha kazi zote: mpira, mbio za kuzunguka, maonyesho ya ng'ombe na gwaride la sikukuu. Serikali ilivipanga viwanja kwa madaraja matatu. La kwanza lilitaka jukwaa lenye paa, hilo hata hatukuliota. La pili liliruhusu timu za mbali kuja kucheza. La tatu lilikuwa la watoto wa shule na ndama. Na vijana wetu walikwisha kuahidiana mechi na wenzao wa Busia, upande wa Kenya. Tukikosa daraja la pili, mechi ingehamishiwa Mbale, na nani angetembea mpaka Mbale kutazama mpira? Kwa hiyo macho yote yalikuwa kwangu.

Kwa nini kwangu? Kwa sababu ya pimamaji. Nilikuwa nimejenga nyumba mjini Tororo chini ya fundi mmoja Mhindi, nikarudi na ule ubao mfupi wenye kichupa cha maji, na ndani ya kichupa kipovu. Kipovu kikitulia katikati, sakafu imekaa sawa. Jamani, nilivyoringa! Kanisani nilikwenda nao. Wala sikuwa mjinga wa kila kitu. Magoli niliyaelekeza kaskazini na kusini ili kipa asipigwe machoni na jua la jioni, na watazamaji nikawapa mteremko wa upande wa juu wakae majanini. Hayo niliyapatia, na nayataja kwa sababu mzee naye hupenda kusifiwa.

Udongo waliubeba kina mama, kisha wakaushindilia kwa magogo. Aliyewaongoza ni Mama Nyadoi, mjane jirani yetu, ambaye hakuna aliyemfikia kwa kutengeneza uwanja wa kupuria wimbi, yaani ulezi. Asubuhi moja nikakuta wameinua katikati ya kiwanja. Kidogo tu, lakini kipovu changu kilikimbia.

"Mama, nini hii?"

"Ni ya maji, Owor. Mvua ikikuja, maji inashuka kando. Ukiacha sawasawa, italala hapa."

"Mama, hii si mahali ya kupiga wimbi. Hii ni kiwanja ya mpira. Toa udongo yote."

Akanitazama, akawatazama wenzake, wakautoa. Kazi waliyoishindilia kwa siku mbili wakaikwangua kwa majembe, nami nafuata nyuma na ubao wangu. Sakafu ya nyumba hutakiwa iwe sawa, na mimi nilikuwa sijawahi kujenga kitu kingine chochote.

Alfajiri ya siku ya ukaguzi mvua ikanyesha. Ndipo zilipopatikana soksi zile. Mkaguzi akauliza, "Nani alishindilia hii udongo?"

Sasa sikiliza vizuri, maana kosa la kipovu silo nililokuitia hapa. Hakuuliza nani aliamuru. Aliuliza nani alishindilia. Nikaona mlango umeachwa wazi, nikapita.

"Wanawake, bwana," nikasema. "Walishindilia vibaya."

Akaandika daraja la tatu. Chifu wa gombolola, yaani wa tarafa yetu, akawafukuza kina mama pale pale, mbele ya watu, na Mama Nyadoi akaokota kikapu chake akaenda zake. Niliona aibu, mwanangu, aibu ambayo mpaka leo nikinawa miguu hunirudia.

Siku ya tatu Mama Nyadoi akaniita kwake. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Akanipeleka kwenye uwanja wake wa wimbi, akanipa kibuyu cha maji. "Mwaga hapa katikati." Nikamwaga. Maji yakatawanyika taratibu, yakashuka pande zote mpaka kwenye majani, na nilipokanyaga pale katikati palikuwa pagumu vilevile.

"Mimi naweza kukaa bila kazi ya kiwanja," akasema. "Lakini sasa watu inasema Nyadoi hajui udongo. Hiyo maneno uliweka wewe. Nenda utoe."

Sikwenda kwa chifu kwa siri. Wao walifukuzwa mbele ya watu, basi na mimi Jumapili baada ya ibada nikasimama mbele ya watu nikasema yote. Wengine walinicheka, na rafiki mmoja hakunisemesha mpaka mavuno. Chifu akaninyang'anya usimamizi, akawarudisha kina mama, akamweka Mama Nyadoi juu ya kazi. Mimi nikapewa kikapu. "Beba, Owor," Mama Nyadoi akanitania. "Ukishindilia vibaya, nitasema ni wewe."

Tukainua tena katikati kama alivyotaka, na mkaguzi aliporudi alitupa daraja la pili. Siku ya mechi mvua ilitunyeshea, watu wakajifunika majani ya migomba, na mpira ukaendelea kubingirika. Tulifungwa, kama unataka kujua. Baadaye mgeni mmoja wa Busia akaniuliza nani alikitengeneza kiwanja kile. Nikamwonyesha Mama Nyadoi, amekaa mteremkoni na wenzake, miguu wameinyoosha. Lilikuwa karibu swali lile lile la mkaguzi, na safari hii nilijibu ukweli.

Basi, mwanangu, nenda na vipimo vyako, ni vizuri. Lakini kabla hujamwaga udongo, waulize wanaoishi na maji ya mahali pale, hata kama hawajui kusoma ramani yako. Na kazi ikiharibika, ukiulizwa nani, jitaje wewe kwanza, kabla hujamtafuta wa kumtaja. Mungu akupe ardhi ngumu chini ya miguu yako, mvua akuletee kwa kiasi, na wale waliobeba udongo wako wakikutana nawe njiani wakusalimu kwa furaha.